Kaburi Nyuma ya Mibuni

Kayanga, Karagwe
12 Februari 2024

Kwa Bi. Evaresta Uwimbabazi,
Isingiro, Kyerwa.

Marahaba, binti. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Winston wa pikipiki, ikiwa imelowa kona moja. Nimeisoma mara mbili. Nitaichukua kesi ya baba yako.

Ujue kwanza umemwomba nani. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa hakimu, na nilimaliza utumishi nikiwa hakimu mkazi mfawidhi. Nilipostaafu, watu wa kwetu Muleba walitazamia nirudi kulima migomba na kuimba kwaya. Badala yake nilirudi kwenye uwakili, tena nikachagua kesi za uhamiaji, ambazo mawakili vijana huzikwepa. Simu yangu huwa nimeizima. Neno la simu halisomwi mara ya pili. Niandikie.

Sasa sikiliza vizuri. Maofisa waliomshika baba yako hawakumwonea. Alikwenda mwenyewe kufuatilia kitambulisho cha taifa, akaulizwa mama yake alizaliwa wapi, naye akajibu: ng'ambo. Baba yake, marehemu Hagenimana, alikuja kutoka Rwanda kuchuma kahawa. Hilo halina ubishi. Mzee Mbonimpa mwenyewe alizaliwa huku kabla ya Uhuru. Hilo nalo linathibitika. Lakini sheria inataka zaidi. Mtu aliyezaliwa huku kabla ya Uhuru anahesabiwa raia ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa huku. Na mwenye kutakiwa kuthibitisha ni yeye, si serikali.

Wewe huna shida, kwa kuwa marehemu mama yako alikuwa mtu wa Muleba. Baba yako ana swali moja tu mbele yake: mama aliyemzaa alikuwa nani? Cheti cha ubatizo kinamtaja kwa jina moja, Nikuze, bila kijiji wala ukoo. Nenda kamwone gerezani, umuulize, kisha uniandikie alivyojibu na si unavyodhani.

Protase Kabyemera,
Wakili.


Isingiro
21 Februari 2024

Shikamoo Mzee,

Nilimwona baba. Amepungua, lakini utani haujamtoka. Aliniambia, "Mwambie Hakimu asiniharakishe kutoka. Huku napikiwa na sioshi sufuria." Askari aliyekuwa karibu akacheka. Mimi nilishindwa.

Kuhusu mama yake, majibu ni yale yale niliyoyasikia tangu utotoni. Nikuze alikuwa mtu wa ng'ambo. Alishikwa na homa baba akiwa bado ananyonya, akarudishwa kwao, akafia huko na kuzikwa huko. Baba alilelewa Nyakasimbi kwa Mzee Jovitus, ambaye babu Hagenimana alikuwa akimchumia kahawa. Jovitus na babu walikuwa wamenywa omukago, ule udugu wa damu wa zamani. Mzee ni mtu wa Muleba, anaujua: tunda moja la kahawa linapasuliwa, kila mmoja anapaka punje yake damu yake mwenyewe, anampa mwenzake ameze. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Baadaye Jovitus alimpatia babu kibanja cha migomba huku Isingiro, mbali na kwake, ndicho tulicho nacho mpaka leo.

Mtoto wa Jovitus, Mzee Gaudiosus, yuko hai. Yeye na baba wamenyonya ziwa moja. Kila mwaka baada ya mavuno huja hapa na kahawa ya kutafuna, wanakaa barazani wanatukanana mpaka jioni. Nafikiri atafaa kuwa shahidi.

Baba ana ombi moja tu, nami nalileta kama alivyolisema: "Nisivushwe." Pembeni ya kaburi la marehemu mama yangu, katika kibanja, ameacha nafasi. Hata viazi hapandi hapo. Anataka alale hapo siku yake ikifika.

Mtoto wako,
Evaresta.


Kayanga
11 Machi 2024

Binti Evaresta,

Nimefika Nyakasimbi. Mzee Gaudiosus alinipokea kwa heshima, akanipa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, akaniita Hakimu ingawa nilimkumbusha kuwa mimi sasa ni wakili. "Chui akizeeka," akasema, "huitwa paka?"

Nilimuuliza kama atakuja mahakamani. "Kwa ajili ya Mbonimpa? Hata nikibebwa kwa machela." Nikamuuliza Nikuze alikuwa mtu wa ukoo gani. Alijibu kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa. Nikamuuliza kaburi lake liko wapi. Akasema maua ya mibuni yataungua kwa jua hili. Nikamuuliza mara ya tatu, akasimama akaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amekwisha kufungwa.

Nimesikiliza mashahidi tangu kabla hujazaliwa. Mtu asiyejua husema hajui. Anayezungumzia mvua anajua.

Kuna jambo lingine. Katika nchi hii yetu hakuna mtu anayekufa bila kuwa na kaburi katika kibanja cha mtu. Mwanamke mwenye homa, mwenye kitoto kinachonyonya, habebwi mpaka ng'ambo ya mto Kagera kwa miguu huku mtoto akibaki. Hata wakati ule hawakuwa wapumbavu.

Wanawake wa nyumba ile hawakutoka jikoni muda wote niliokuwapo. Kwako watatoka. Nenda.

Protase Kabyemera.


Isingiro
28 Machi 2024

Baba mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia wewe kabla ya kumwandikia wakili, kwa sababu jambo lenyewe ni lako.

Nilikwenda Nyakasimbi. Baba mkubwa Gaudiosus alikuwa mnadani. Nilimkuta bibi Xaveria, dada yake mkubwa, anamenya ndizi. Macho yamekwisha, akaniita nisogee, akanipapasa uso. Alipofika kwenye masikio akaacha kisu. Akasema, "Verdiana." Nikamwambia mimi ni Evaresta wa Mbonimpa. Akasema, "Najua wewe ni nani. Hayo masikio ni ya Verdiana, mdogo wake baba yetu Jovitus."

Kisha akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe, kipofu akinitangulia mimi mwenye macho. Makaburi ya nyumba ile yote yako mbele, yamepangwa na yana misalaba. Moja tu liko nyuma ya mibuni, peke yake, halina msalaba wala jina, lina mlamula mmoja umepandwa kichwani kama mti wa mpaka. Bibi akasema: "Hapa ndipo alipo. Hagenimana alimpa jina la kwao, Nikuze, ili padri asijue. Alikufa mtoto ana wiki chache." Akalia, kisha akaniomba nisiseme kwamba amesema.

Baba, mama yako ni shangazi yake Gaudiosus. Alizaliwa Nyakasimbi. Hilo moja linatosha kukutoa humo. Niruhusu nimwambie wakili.

Binti yako,
Evaresta.


Gerezani
9 Aprili 2024

Evaresta mwanangu,

Barua hii askari wataisoma kabla yako, nao nawasalimu. Nitasema kwa ufupi.

Ulichokiona nyuma ya mibuni, kiache nyuma ya mibuni.

Nimelijua jambo hilo tangu nikiwa mdogo. Baba alipokaribia kufa aliniambia. Yeye na Jovitus walipokwisha kumeza zile punje, dada yake Jovitus akawa dada yake yeye. Wewe umesoma sayansi, utasema damu tone moja kwenye punje ya kahawa haifanyi dada. Kwa wazee wale ilifanya. Baba alichukua alichokatazwa. Jovitus angeweza kumfukuza na kichanga chake. Hakumfukuza. Alificha aibu ya wote wawili, akaninyonyesha kwa mkewe, akamtafutia baba shamba mbali ili watu wasihesabu miezi. Akamwapisha mwanawe asiseme kamwe. Ndiyo bei ya mimi kuwa hai.

Sasa unataka Gaudiosus, mzee wa kanisa, asimame mbele ya watu aseme baba yake alifuga mwiko nyumbani mwake? Atazikwa wapi? Nani atakula kwake? Afadhali mimi.

Ukimwambia wakili, usije tena kunitazama.

Unga ule wa ulezi ulikuwa mzuri. Fukia mashina ya migomba ya upande wa chini kabla mvua haijakolea.

Baba yako,
Mbonimpa.


Isingiro
16 Aprili 2024

Shikamoo Mzee,

Nilifika Nyakasimbi. Wanawake wa kule hawajui lolote kuhusu Nikuze zaidi ya yale tunayoyajua. Samahani kwa kuchelewa kukujibu, mvua zimeharibu njia.

Evaresta.


Kayanga
24 Aprili 2024

Binti Evaresta,

Barua zako zote zimekuwa ndefu. Hii ya mwisho ina mistari mitatu, na mmoja unahusu njia. Nawe sasa umeanza kuzungumzia mvua.

Sitakulazimisha. Nakueleza tu hali ilivyo, ili baadaye usiseme hukuelezwa. Nina cheti cha ubatizo kisichotaja kijiji, na nina shahidi mmoja ambaye ataulizwa swali moja, akiwa ameshika Biblia. Akijibu kwamba Nikuze alizaliwa huku na akaeleza anajuaje, baba yako atalala nyumbani wiki hiyo hiyo. Akijibu vinginevyo, mimi sina kitu kingine mkononi. Kesi itasikilizwa mwishoni mwa mwezi ujao. Mpaka asubuhi ile mlango wangu uko wazi.

Ninajua kuna vitu ambavyo mtu huvithamini kuliko uhuru wake. Nimewahi kuviona vikiwafunga watu. Lakini sijawahi kuona sheria ikivipokea.

Protase Kabyemera.


Kayanga
3 Juni 2024

Binti Evaresta,

Nilikuona ukitoka nje Gaudiosus alipoinua mkono kuapa. Kwa hiyo nakuandikia yaliyofuata.

Alikuja amevaa kanzu nyeupe na koti. Baba yako alipomwona akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo umeoga." Hakimu akawaonya. Gaudiosus akaapa vizuri. Akaeleza jinsi walivyokua pamoja, jinsi walivyoiba ndizi za padri, na watu wakacheka kidogo. Nikamuuliza: "Mama yake mshtakiwa alikuwa nani, na alizaliwa wapi?"

Akamtazama baba yako. Baba yako akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Huenda hakimu hakuona, mimi niliona. Ndipo Gaudiosus akasema, "Alikuwa mtu wa ng'ambo. Alizikwa kwao."

Wakili wa serikali hakuwa na la kuuliza. Hakuhitaji.

Hukumu imesomwa leo. Mzee Mbonimpa ametiwa hatiani kwa kuwamo nchini isivyo halali, na imeamriwa aondolewe. Najua utamlaumu hakimu. Usimlaumu. Ni kijana makini, na hukumu yake imeandikwa vizuri. Kama ningekuwa nimekaa mimi pale juu, kwa ushahidi ule, ningeamua hivyo hivyo. Sijapata usingizi mzuri tangu niliposikia neno "ng'ambo" likitoka kinywani mwa shahidi wangu mwenyewe.

Nimetoa taarifa ya kukata rufaa. Rufaa isiyo na ushahidi mpya ni karatasi. Kama una neno, huu ndio wakati wake.

Protase Kabyemera.


Isingiro
8 Juni 2024

Shikamoo Mzee,

Nilikudanganya. Naandika yote.

Mama yake baba hakuwa mtu wa ng'ambo. Alikuwa Verdiana, dada yake Mzee Jovitus, mzaliwa wa Nyakasimbi, na amezikwa Nyakasimbi nyuma ya mibuni ya Gaudiosus. Nimelishika kaburi lake kwa mkono wangu. Nikuze ni jina ambalo babu alimpa ili kumficha. Alifichwa kwa sababu ya omukago: kwa kiapo kile alikuwa dada wa babu, na mtoto wao ni mtoto wa mwiko. Bibi Xaveria anajua, lakini amesema hatakanyaga mahakama. Gaudiosus anajua. Baba anajua. Baba aliniandikia kutoka gerezani kwamba kuliko Gaudiosus aaibike, "Afadhali mimi," akanikataza nisikuambie, nami nilimtii kwa sababu ni baba.

Sasa namwasi. Sijui kama nimechelewa. Jana nilipeleka chakula gerezani nikaambiwa hayupo, wamemhamisha, hawakusema wapi.

Mzee, nifanye nini?

Evaresta.


Kayanga
1 Julai 2024

Binti Evaresta,

Sitakugombeza. Ningekuwa na nguvu za kugombeza ningejigombeza mwenyewe, kwa kuwa nilijua unaficha, nikakaa nikingoja mlango wangu ugongwe kama vile bado ni hakimu ambaye watu humwendea.

Kwanza habari ya baba yako. Amri imetekelezwa kabla rufaa haijapangiwa siku. Amevushwa pamoja na wengine. Nilipopata habari, gari lilikuwa limekwisha kurudi tupu.

Pili, nilikwenda tena Nyakasimbi siku nilipopata barua yako. Gaudiosus alikuwa ameanika kahawa uwanjani. Hakunipa ya kutafuna. Nilimwambia ninajua habari za Verdiana na kwamba kiapo chake kipya, cha maandishi, bado kinaweza kumrudisha Mbonimpa. Nikamwambia pia, kwa kuwa ni wajibu wangu, kwamba kile cha kwanza kilikuwa cha uongo na kina adhabu yake. Adhabu haikumshtua.

"Hakimu," akasema, "unadhani nilisema vile kwa ajili ya nyumba yangu? Mimi ni mzee, nyumba yangu inipeleke wapi? Nilisema kwa ajili yake. Nikisema kweli, Mbonimpa atarudi Isingiro akiwa mtoto wa mwiko. Watoto watamwimbia njiani. Wajukuu wake hawataolewa. Sasa amekwenda ng'ambo akiwa mtu wa heshima aliyeshindwa kesi."

Nikamwambia Mbonimpa alinyamaza kwa kumlinda yeye. Nikamwambia maneno ya barua ya gerezani, kama ulivyonisimulia: afadhali mimi. Alikaa chini juu ya kahawa, akazivunja punje kwa uzito wake. Nilidhani sasa atakubali. Nikatoa kalamu.

Akasema, "Wewe uliapa kuwa hakimu ukiwa mtu mzima, ukalipwa mshahara. Mimi niliapishwa na baba yangu akiwa anakata roho, ameshika kidole changu hiki. Kama Mbonimpa mwenyewe ameamua kukitunza kiapo cha baba yangu kwa gharama ile, mimi ni nani nikivunje?"

Nikaifunga kalamu. Nimewasikiliza waongo wengi katika kazi yangu, na karibu wote walidanganya kwa ajili ya matumbo yao. Hawa wawili sikuwa na mahali pa kuwaweka.

Nitaendelea na rufaa kadiri afya itakavyoniruhusu. Siwezi kukuahidi lolote.

Protase Kabyemera.


Ng'ambo
19 Septemba 2024

Evaresta mwanangu,

Barua hii naandikiwa na mwalimu mmoja wa huku, mtu mwema, anajua Kiswahili cha kambini. Mimi ni mzima. Naishi nyuma ya kanisa na wazee wengine tuliovushwa. Migomba ya huku ni mizuri lakini si yangu, na mtu akiamka hana cha kupogoa.

Nasikia umemwambia wakili. Nilisema usije tena kunitazama, na tazama, Mungu amenisikia vibaya: hata ukitaka huwezi. Nimekwisha kukusamehe. Msalimu Gaudiosus. Mwambie hakuna kitu kati yetu, na kwamba kanzu ile ilimbana tumboni. Mwambie mwaka huu kahawa ya kutafuna ampe mtu mwingine.

Kaburi la mama yako lipaliliwe. Ile nafasi ya pembeni usiiache bure. Panda viazi.

Juma lililopita walikuja maofisa wa huku kutuandikisha, ili tupewe vitambulisho na kipande cha ardhi. Kijana mmoja mpole akaniuliza jina, nikataja. Akaniuliza jina la baba, nikataja, akafurahi, akasema jina hilo liko hata kwenye kilima chao. Kisha akaniuliza mama yangu ni nani na amezikwa wapi.

Mwanangu, huku hakuna anayemjua Jovitus. Hakuna anayemjua Gaudiosus, wala mke wake, wala kanisa lake. Nikaona kwamba hapa jina lile halitamchoma mtu. Nilikuwa sijawahi kulitamka kwa sauti maisha yangu yote. Nikasema: mama yangu ni Verdiana, binti wa Nyakasimbi, amezikwa kwao nyuma ya mibuni, kichwani kwake pana mlamula.

Yule kijana akaacha kuandika. Akanitazama kwa huruma, akafunga daftari lake, akasema, "Mzee, basi wewe si mtu wa huku. Rudi kwenu."

Baba yako,
Mbonimpa.